Supamaketi ya mtaani imefungwa, chama chetu kina 58,000: tufungue duka au tununue jumla tugawane?

MamaMahamri (mwenye uzi)

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Naishi Muyeye, hapa Malindi, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa za usiku, na ikifika saa kumi na mbili watoto wa skuli na mafundi wa mjengo washajaa barazani. Kwa miaka sita vitu vyangu vyote nilinunua supamaketi iliyokuwa hapa mtaani, dakika tano kwa miguu. Mwezi uliopita imefungwa. Ilianza rafu ya mafuta kubaki tupu, kisha mafriji yakazimwa, kisha asubuhi moja tukakuta kufuli na walinzi wawili wasiojua lolote.

Hesabu yangu ni hii. Kwa siku natumia pakiti tatu za ngano za kilo mbili, kilo moja ya sukari na lita moja na nusu ya mafuta. Pale ngano ilikuwa 165, sukari 160, mafuta 300 kwa lita. Maduka yaliyobaki karibu nami ngano ni 190, sukari wanauza robo kwa 50, na mafuta ya kupima ukijumlisha lita inafika 360. Tofauti yake ni shilingi 205 kila siku. Nilikuwa nabakiwa na mia nne hamsini na kitu baada ya nazi, iliki na makaa. Sasa ni 250. Kwenda mjini ni tuktuk kwenda na kurudi, na mzigo unalipiwa, kwa hiyo nafuu yote inaishia njiani.

Jambo la pili ndilo lililonichoma. Nina mizani ndogo ya jikoni ya kupimia unga. Juzi nilinunua robo ya sukari iliyofungwa kwenye gazeti, nikaiweka juu ya mizani: gramu 215 badala ya 250. Nikaitoa, nikaiweka tena. Mara tatu, 215. Mwenye duka sitamtaja kwa sababu sijui kama mizani yake ni mbovu au ni mkono wake. Lakini pale supamaketi mamangu, ambaye hakusoma ila tarakimu anazijua, alikuwa akipitisha kidole kwenye bei ya rafu, anazisoma moja moja kwa sauti, anachagua mwenyewe. Sasa anaulizia bei kama anayeomba. Na unga wa dona aliousiwa na daktari kwa sababu ya ugonjwa wake wa sukari haupo kabisa. Ni unga mweupe tu.

Chama chetu kina wanawake 14 na akiba ya 58,000. Saba kati yetu wanataka tukodi chumba tufungue duka. Watano wanataka tununue vitu kwa jumla tugawane wenyewe. Wawili wanaogopa yote mawili, na wana haki ya kuogopa. Kila mmoja ana jasho lake humo. Nyinyi mngefanya nini?

NaziBinti

Pole sana dadangu. Mimi niko Maweni na sisi hatukuwahi kuwa nayo hiyo supamaketi, kwa hivyo hali unayoieleza ndiyo tuliyozaliwa nayo. Nafuatilia uzi.

KeshiaWaMuyeye

Mama, nakujua kwa ladha ya mbaazi zako, nimezila sana. Mimi nilikaa kwenye keshi pale miaka minne.

Wacha nieleze ilivyokufa, maana wenzako saba wanaotaka duka wanahitaji kusikia. Haikufa kwa kukosa wateja. Foleni ya jioni ulikuwa ukiiona. Ilikufa kwa sababu pesa za mauzo zilikuwa zikienda kulipa mambo mengine, na wanaotuletea bidhaa wakawa hawalipwi. Akishakosa kulipwa mara mbili, anayeleta mafuta anasema nipe taslimu kwanza. Hakuna taslimu, hakuna mafuta. Mteja aliyekuja kwa mafuta hakuti, anaenda kwingine na sukari yake, sabuni yake na mkate wake. Miezi ya mwisho kazi yetu asubuhi ilikuwa kuvuta pakiti zilizobaki mpaka ukingoni mwa rafu, mstari mmoja mmoja, ili mtu akiingia aone pamejaa. Nyuma ya ule mstari palikuwa patupu. Nilikuwa nikifanya hivyo na moyo unaniuma, kwa sababu nilijua.

Wala si hapa tu. Supamaketi za Nakumatt zilikuwa na matawi mpaka nje ya Kenya, na Januari 2020 wadai wa kampuni hiyo walipiga kura ivunjwe.

Kitu nilichokiona kwenye keshi: watu wa mtaa huu walinunua vitu vichache tu. Unga, ngano, sukari, mafuta, mchele, sabuni ya kufulia, majani ya chai, maziwa. Vingine vyote vilikuwa vikikusanya vumbi. Mkifungua duka mtashawishika kujaza rafu. Msijaze.

Na mimi mwenyewe nina swali: tumefungiwa bila barua, mshahara wa mwezi mmoja haujaja. Kuna anayejua njia?

Wakili_Mtarajiwa

@KeshiaWaMuyeye, pole. Soma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri anayefunga kazi anatakiwa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja kabla, na afisa wa kazi ajulishwe pia. Unadai mshahara wa siku ulizofanya, siku za likizo ambazo hukuchukua, mshahara wa mwezi kama hukupewa notisi, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Wewe una miaka minne, kwa hivyo ni siku 60. Nenda ofisi ya kazi na karatasi yoyote uliyonayo: stakabadhi za mshahara, ujumbe wa benki, hata kitambulisho cha kazi. Nendeni wengi pamoja, na msikawie. Madai ya kazi yana ukomo wa miaka 3.

KeshiaWaMuyeye

Nashukuru mno. Tuko 11. Jumatatu tunaenda.

DukaLaKona

Dada MamaMahamri, mimi ni mwenye duka, si Muyeye lakini hapahapa Malindi. Maneno yako yameniuma kidogo, ila nitakujibu kwa heshima kwa sababu umesema ukweli wako bila kumtukana mtu.

Bei yetu iko juu kwa sababu hizi. Supamaketi inaletewa lori mlangoni na inalipa baadaye. Mimi nanunua beli mbili za unga (beli ni pakiti 12 za kilo mbili) kwa pesa yangu ya mkononi, nalipia mkokoteni, nafungua mfuko wa sukari, nafunga robo robo na nusu robo. Mfuko wa kilo 50 ukiufunga kwa mkono, hautoki robo 200. Kuna inayomwagika, kuna inayovuta unyevu wa bahari ikashikana. Mteja wangu hana 160 ya kilo, ana ishirini. Na daftari langu la madeni sasa hivi lina 23,000 ziko nje. Nyingine najua hazirudi, lakini siwezi kumnyima chai mtoto wa jirani.

Nikwambie jingine ambalo watu hawalijui. Supamaketi ikiwa karibu, hata sisi wenye maduka inatufaa. Mafuta yakiniishia Jumapili nilikuwa nanunua pale dumu moja nisukume siku. Ikifungwa, mimi pia nabaki na mahali pamoja pa kununua, na anayeniuzia anajua sina pengine pa kwenda.

Ila gramu 215 hazina utetezi. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Mwendee kwanza mwenyewe, kwa upole, chukua na ile mizani yako. Asiposikia, mkaguzi wa vipimo yupo.

BabuUshirika

Binti yangu, nimefanya kazi za vyama vya ushirika maisha yangu yote, nimeona vingi vikiinuka na vingi vikianguka. Nitakupa kisa kimoja kwa sababu kinafanana na chenu.

Mwaka 1844, mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa vitambaa, walichoka na maduka yaliyokuwa yakiwapunja mizani na kuwauzia unga uliochanganywa na vitu visivyolika. Wakaweka pauni moja moja mpaka zikafika 28. Hawakufungua duka la kila kitu. Siku ya kwanza walikuwa na unga, siagi, sukari, unga wa oti na mishumaa, na mwanzoni walifungua jioni tu. Kanuni zao ni hizi: mizani ya haki, hakuna kukopesha, mwanachama mmoja kura moja, na faida inagawanywa kwa kadiri ulivyonunua. Ushirika mwingi wa leo duniani umetokana na duka lile.

Ushauri wangu ni muwafuate wale watano. Anzeni kwa kununua na kugawana. Kodi ya chumba itawala kabla hamjajua wateja wenu ni nani. Hesabuni tu: chumba cha elfu sita kwa mwezi, na amana ya miezi miwili, nyinyi tayari mmepoteza karibu theluthi ya akiba yenu bila kununua hata pakiti moja.

Kama kikundi hakijasajiliwa, kisajilini ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, nyinyi mko 14. Mkigawana wenyewe kwa wenyewe mambo ni mepesi. Siku mtakapouzia watu wa nje, hapo kuna kibali cha biashara cha kaunti, na mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo.

Na hilo la kutokopesha, binti yangu, ndilo litakalowatesa. Muliandike kabla ya siku ya kwanza.

MzigoSalama

Mimi ni mtu wa lori, nabeba Mombasa kuja Malindi. Dada, msikimbilie soko la Kongowea huko Mombasa kwa mzigo mdogo. Ni kilomita 120 hivi, nauli ya mzigo itawamaliza. Zungukeni maduka ya jumla ya hapa mjini, angalau matatu, na muulize bei ya beli sita, si ya beli moja. Bei hubadilika ukitaja idadi. Angalieni tarehe kwenye kila beli, za ndani pia. Dumu la mafuta, lishikeni kifuniko mhakikishe halijafunguliwa. Mzigo msiulaze sakafuni, huku kwetu sakafu inatoa maji usiku. Tafuteni mbao muuinue. Na gawaneni siku ileile. Mzigo ukilala kwa mtu mmoja wiki mbili, maneno yanaanza.

NaziBinti

Mimi naona hata duka si vibaya baadaye. Lakini 58,000 ndogo kwa duka.

MamaMahamri (mwenye uzi)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kimya.

Nilisomea wenzangu majibu yenu yote kikaoni, neno kwa neno. Nilipofika kwenye hesabu ya Babu ya kodi, wale saba walinyamaza. Tukakubaliana kununua na kugawana kwa miezi mitatu, ndipo tuzungumzie duka.

Mzunguko wa kwanza tumenunua beli sita za ngano, beli moja 1,860. Mifuko miwili ya sukari, 7,250 kila mmoja. Madumu matatu ya mafuta ya lita 20, dumu 5,600. Jumla 42,460, na tuktuk ya mizigo 600. Tumeongeza shilingi tatu kwa kila pakiti, kila kilo na kila lita, imefidia usafiri na kubaki kidogo. Kwangu ngano imekuja 158, sukari 148, mafuta 283. Tuligawia barazani kwangu Jumamosi, mizani yangu ya jikoni katikati ya mkeka, kila mtu anatazama namba. Mamangu ndiye aliyekuwa akizisoma.

Yule mwenye duka nilimwendea kama ulivyosema kaka DukaLaKona. Tulipima pamoja jiwe lake la robo. Lilikuwa jepesi, kweli, na alishtuka kuliko mimi. Amenunua jingine.

Sasa kuna hili. Mwenzetu mmoja mumewe ni mvuvi, na huu ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, hawaendi. Siku ya kugawana alikuja na 200 tu. Tulikuwa tumeandika hakuna mkopo. Akaondoka na kilo moja ya sukari na macho yake chini. Ana watoto watano. Sikulala siku ile. Tufanyeje?

BabuUshirika

Msimkopeshe, ila mpeni chake. Ana akiba ndani ya hiyo 58,000. Andikeni kanuni kwamba mwanachama akikwama aweza kuchukua bidhaa kwa thamani isiyozidi nusu ya akiba yake, na akiba yake ipungue kwenye daftari siku ileile. Akirudi baharini anaijaza. Kanuni iwe ya wote, isiwe ya jina lake.

DukaLaKona

Babu amesema vizuri. Na kesho yake mtu ampelekee nyumbani, asisubiri mpaka Jumamosi nyingine mbele za watu.

KeshiaWaMuyeye

Mama, kuhusu dona: nunueni mahindi makavu kwa gunia mugawane, mpeleke kinu cha kusaga, mwambie asikoboe. Inakuwa dona safi kuliko ile ya pakiti. Sisi tulipeleka madai ofisi ya kazi, tumeandikishwa wote 11, tumepewa tarehe ya kurudi.

MamaMahamri (mwenye uzi)

Alhamdulillahi kwa hiyo habari yako. Kanuni ya Babu tumeipitisha leo, mikono 14. Nimempelekea mwenyewe jioni hii: pakiti nne za ngano, kilo mbili za sukari, lita moja ya mafuta. Gunia la mahindi tunaliweka kwenye oda ya Jumamosi.