Kulinganisha betri mbili za AGM kwa muziki mzito wa gari

Wakuu, nina AGM mbili (betri za risasi zilizofungwa, asidi yake imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo) za Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wa umeme), chapa tofauti, za kulisha amplifaya ya wati 2000. Nizipimeje kwa haki?

— Zijaze kwa chaja ileile, ziache zitulie kwa muda wa saa 12. Ikisoma chini ya volti 12.7, haijajaa au imechoka. Kisha kila moja itoe ampea 100, joto lilelile, ukiandika volti kila dakika hadi 10.5.

— Mita iguse vichwa vya betri vyenyewe, si vibanio vya nyaya. Kibanio chenye kutu, ukinzani miliomu 2 tu, kinakula volti 0.2 kwa ampea 100, halafu lawama inaangukia betri!

— Injini izimwe, la sivyo unapima altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri). Wala usitumie wimbo: besi hupanda na kushuka, mzigo haulingani.