Mjadala: Mitishamba ikimdhuru mtu, nani aandike?

Binti wa Kayole: Ndugu zangu, mamangu alikuwa akinunua unga wa kutibu maumivu ya viungo vya mwili kwa mchuuzi wa mitishamba hapa mjini. Wiki ya kwanza magoti yakanyooka, tukamshukuru Mungu. Mwezi wa tatu uso ukavimba mviringo, sukari ikapanda. Kliniki walipomuuliza anatumia dawa gani, akajibu hakuna, aliogopa kufokewa. Mimi ndiye niliyepeleka kopo. Daktari akashuku steroidi, dawa ya viwandani ambayo katika nchi kadhaa imewahi kukutwa ndani ya unga unaouzwa kama mitishamba. Akamwonya asiiache ghafla, maana hilo nalo lina hatari yake. Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyeandika popote.

Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, inayosimamia dawa nchini, hupokea ripoti za madhara ya dawa, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kufuatilia usalama wa mitishamba tangu 2004. Nasema kila mgonjwa aulizwe kuhusu mitishamba bila kukemewa, na madhara yaripotiwe hata kama dawa haijasajiliwa. Mnaonaje?

Mjukuu wa Mganga: Pole sana kwa mama. Lakini aliyetia steroidi si mganga, ni mwizi. Nyanya yangu anachemsha miti ya dawa kama muarubaini na muthiga, na hati ya uganga kutoka idara ya utamaduni anayo. Mkianza kuandika majina, askari watamjia yeye kwanza. Yule wa kopo atahamia steji nyingine.

Muuguzi wa Eastlands: Mjukuu, hofu yako naielewa. Ila hata mti halisi hudhuru. Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye sumu. Iligundulika kwa kuwa madaktari waliona wagonjwa wa aina moja wakifuatana, wakauliza wamekula nini. Hapa kwetu mgonjwa akificha, mimi naona ini au figo zimechoka tu, siwezi kuunganisha. Tena unga ukishasagwa huwezi kuutambua kwa macho, na jina moja la mti laweza kuwa la miti miwili kwa makabila mawili. Kwa hiyo lete kopo lenyewe, useme ulianza lini, kiasi gani, na dawa gani nyingine unameza, hasa za presha, sukari au ARV.

Binti wa Kayole: Mjukuu, hati ya nyanya yamtambulisha yeye, haisemi kilicho ndani ya chupa. Na mimi sitaki akamatwe. Namtaka awe miongoni mwa wanaoripoti, maana wagonjwa wanamrudia yeye kabla ya kuja kliniki. Niambie kweli: akiona mtu amevimba baada ya dawa yake, anamwambia nani?

Mjukuu wa Mganga: Anatuambia sisi, usiku, tukila. Dawa ile haichemshi tena kwa wiki kadhaa. Hajawahi kuulizwa na mtu mwingine.