Mafaili ni yangu, diski ni yangu, ila kuyafungua mpaka nilipe

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na hasira, kwa hiyo mnivumilie lugha ikiwa kali.

Kazi yangu ni kupanga kurasa: vitabu, majarida, kava, mabango. Miaka tisa nimetumia programu ya kampuni moja kubwa. Jina silitaji, maana kila mmoja hapa ana ya kwake inayofanana nayo. Zamani ulikuwa unainunua mara moja, unaiweka kwenye kompyuta, unakaa nayo mpaka uichoke mwenyewe. Wakaja kubadilisha, ikawa ya kulipia kila mwezi. Tukanung'unika wiki mbili, kisha tukalipa. Hapo ndipo tulipoliwa.

Miezi miwili nyuma kadi yangu ya benki iliisha muda, malipo yakagoma. Sikuwa na kazi mpya, nikasema nitalishughulikia nikitulia. Wiki tatu zilizopita mteja wa siku nyingi akanipigia, kitabu chake kinachapwa upya na kuna jina limekosewa ukurasa wa 48. Herufi moja! Nikawasha kompyuta, faili hilo hapo, tena liko kwenye diski yangu, wala si kwenye wingu la mtu. Nabofya, kinakuja kidirisha: leseni yako imekwisha, bofya hapa ulipie.

Jamani. Maandishi ni ya mteja, mpangilio ni wangu, umeme ni wangu, kompyuta ni yangu. Wao wana nini humo ndani? Wana ufunguo tu, na kodi ya ufunguo haiishi mpaka nife.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Likajibu roboti, likanishukuru kwa kuwa mteja wao wa thamani, likanitumia kiungo cha kulipia. Nikaandika tena, kwamba sitaki kuunda chochote kipya, nataka kufungua nilichokwisha kuunda. Likanishukuru tena.

Najua mtu wa kwanza kujibu uzi huu ataandika "lipa mwezi mmoja tu mkuu, toa vitu vyako, sepa." Nimeshalipa. Sasa sikilizeni. Ile bei nafuu wanayoiandika kwa herufi kubwa ni ya mwezi kweli, ila mkataba wake ni wa mwaka, na ukitoka kabla mwaka haujaisha unalipa faini. Hilo limeandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ya mwezi mmoja mmoja ipo, ila bei yake imepandishwa makusudi uione mbaya. Nikameza nikalipa hiyo. Kufungua mafaili ya zamani, programu mpya inayabadilisha kwanza yaendane nayo, na mistari inasogea. Kitabu kilichokuwa na kurasa 212 kimekuwa 213, ukurasa wa mwisho una maneno manne.

Na nikiyatoa, nayatoa kwenda wapi? PDF ipo, na PDF ni fomati ya wazi, tena mwanzoni ilikuwa mali ya kampuni kabla haijawa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2008. Ila hiyo ni ya kusoma na kuchapa. Humo ndani kila mstari umejitenga na mwenzake, ukiongeza neno moja aya haisogei. Kitabu kizima huwezi kukihariri hivyo ukabaki na akili timamu. Lile faili lenyewe la kazi limeandikwa kwa namna wanayoijua wao tu, na anayetaka kutengeneza programu nyingine ya kulisoma abaki kubahatisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna sababu ya kiufundi ya kuwa hivyo. Chukua faili lolote la .odt, lile la LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Badilisha jina mwishoni liwe .zip, lifungue, utakuta humo faili linaitwa content.xml na maneno yako yote yamo, unayasoma kwa macho. LibreOffice ikifutika leo duniani, maandishi yako hayafi, maana fomati hiyo ni kiwango cha ISO tangu 2006 na yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuisoma. SVG ya michoro ni vilevile, ni maandishi matupu, na maelezo yake yako hadharani tangu 2001.

Halafu mtu ananiambia programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa wote, haziaminiki, kampuni ndiyo yenye dhamana. Dhamana gani? Microsoft walipofunga duka lao la vitabu vya kielektroniki mwaka 2019, watu walirudishiwa pesa na vitabu walivyonunua vikaacha kufunguka. Tazameni Blender sasa, programu ya kutengenezea katuni na michoro ya 3D. Kampuni iliyokuwa nayo ilikufa, programu ikabaki mikononi mwa wawekezaji wake. Mwaka 2002 watumiaji wakachangishana euro 100,000 kwa wiki saba, wakaikomboa, msimbo ukawekwa wazi. Filamu ya katuni iliyochukua Oscar mwaka 2025 imetengenezwa kwa Blender hiyo hiyo. Kampuni imesahaulika, programu ipo, na faili lako la Blender halimwulizi mtu kama umelipa.

Lakini na nyie wahubiri wa programu huria msijifiche, nina neno na nyie pia. Nilipouliza mwaka juzi nihamie wapi, mlinijibu kana kwamba nimeuliza ujinga. "Tumia GIMP." Hiyo ni programu huria ya kuhariri picha, na mpaka leo haifanyi kazi moja kwa moja kwa rangi za uchapaji, zile CMYK, na toleo la 3.0 limetusubirisha karibu miaka saba baada ya 2.10. Scribus, ile huria ya kupanga kurasa, inazijua hizo rangi vizuri, na PDF yake mtu wa mashine ya kuchapa anaipokea bila maneno, lakini vidirisha vyake vinachosha, na kitabu kirefu kinaifanya ihemee juu juu. Nikisema hayo naambiwa "msimbo uko wazi, rekebisha mwenyewe." Mimi ni mpanga kurasa, ndugu zangu! Semeni ukweli tu kwamba kuna vitu utavikosa, mtu ajiandae. Mngeniambia hivyo nisingerudi kule nilikotoka.

Kazi mpya zote sasa nazifanya Scribus na Inkscape, ile huria ya michoro, pamoja na makelele yake yote. Shida ni zile za nyuma. Nina mafaili 340 na yananilazimu kuyafungua moja moja: naangalia kama kurasa zimeruka, natoa PDF, natoa maandishi peke yake, natoa picha, nafunga, la pili. Jana usiku nimeishia la 61. Mwezi niliolipia umebakiza siku 12.

Mwenye njia ya kuyatoa yote kwa mkupuo, nasubiri. Wa "lipa mwezi mwingine tu mkuu" apite kimya kimya.