Mstafeli umeua HeLa: niandike "nguvu kubwa" au "ya wastani"?

Mgeni_Maabara: Wakuu, naomba ushauri. Utafiti wa uzamili: dondoo za mstafeli, mlonge na mwarobaini dhidi ya seli za HeLa (za saratani ya shingo ya kizazi) kwa MTT (kipimo cha rangi: seli hai huigeuza zambarau). Dozi 8, kila moja mara 4, zote kwenye sahani moja ya visima 96. Mstafeli una IC50 (dozi ya kukata uhai wa seli kwa nusu) ya 400 µg/ml. Niandike nguvu gani? Muhtasari wa kongamano unafungwa Ijumaa.

Pipeti200: 400 kwa dondoo ghafi ni dhaifu. Wengi huanza kuchangamka chini ya 20 au 30. DMSO (kiyeyushi cha dondoo) ndani ya kisima ni asilimia ngapi?

Mgeni_Maabara: Ya kawaida tu.

Kijiweni: Mstafeli hautaki mashine. Chemsha majani, kunywa.

BintiKemia: Usiwapeleke watu huko. Mstafeli una anonasini, inayobana uzalishaji nishati kwenye mitokondria. Huko Guadeloupe ulaji wa mstafeli umehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Na MTT inategemea nishati hiyohiyo: seli ikiwa hai lakini imechoka, zambarau haitoki. Rudia kwa SRB, rangi inayopaka protini za seli.

Pipeti200: Asilimia ngapi, mkuu?

Mgeni_Maabara: Stoki (myeyusho mzito wa kuanzia) ni 20 mg/ml kwenye DMSO tupu. Dozi ya juu 1000: maikrolita 5 ndani ya 100. Kisha napunguza nusu kwa nusu kwa media (maji ya chakula cha seli).

Pipeti200: Basi ni 5% juu, 2.5% kwenye 500. Hiyo inaumiza HeLa bila jani lolote.

Kijiweni: Hata spiriti inaua HeLa, na haihitaji kongamano.

Mgeni_Maabara: Mlonge ulikuwa na DMSO ileile na haukuua!

BintiKemia: Huenda uliua ukakudanganya. Fenoli na vitamini C hugeuza MTT kuwa zambarau zenyewe. Ulikuwa na visima vya dondoo na MTT bila seli?

Hesabu_Kali: Jamani, 8 × 4 × 3 ni 96. Sahani imejaa, kontroli (visima vya kulinganishia, bila dondoo) ilikaa wapi? Uzi wa kutunga huu.

Mgeni_Maabara: Sijatunga. Kontroli ni ya sahani ya wiki iliyopita. Seli zilezile.

Hesabu_Kali: Media tupu, au yenye DMSO?

Mgeni_Maabara: Media tupu.

Pipeti200: Rudia hivi. Mmea mmoja kwa sahani. Visima vya pembeni jaza PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) maana hukauka. Seli 5,000 kwa kisima, saa 24 zishike. Punguza dozi ndani ya DMSO yenyewe, si kwenye media, ili kila kisima kibaki na 0.5%, kwa stoki yako hiyo ni 100 µg/ml juu kabisa. Weka kontroli ya DMSO 0.5% na ya doksorubisini, dawa ya saratani. Baada ya saa 48 nyonya media, osha kwa PBS taratibu ukutani mwa kisima, ndipo uweke MTT. Na seli za Vero (za figo la tumbili, si za saratani) pembeni, tuone kama nazo zinakufa.

Mgeni_Maabara: Sawa. Ila muhtasari nilishautuma Jumatatu, nikaandika "kubwa". Nilitaka kujua kama wataruhusu kubadilisha neno moja.