Ulinganisho: mtoto ana mazoezi Jumanne na Alhamisi saa 10:30 jioni, mzazi unatoka kazini saa 11. Mnafanyaje?

MamaWawili_Kimara
Wadau habari za jioni. Naomba uzoefu wenu. Nafanya kazi Posta, katikati ya jiji la Dar, naishi Kimara. Kijana wangu yuko darasa la tano, anapenda mpira kuliko chakula. Binti yuko la tatu, ameanza netiboli. Shule inafunga saa 9. Mimi natoka ofisini saa 11, na hata nikiwahi basi la mwendokasi sifiki nyumbani kabla ya saa 12:30. Giza.

Nimepima njia tatu. Ya kwanza ni michezo ya shuleni. Haina gharama, lakini ni Jumatano tu, na gari la shule linaondoka saa 9:30, kwa hiyo anayebaki kucheza lazima afuatwe. Ya pili ni kituo cha mpira cha mtaani kwetu, dakika kumi kwa miguu, kocha ni mwalimu mstaafu. Uwanja ni vumbi na masika unajaa maji. Ya tatu ni kumleta mtoto mjini, kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu vilivyofunguliwa 2015. Nyasi nzuri, na ni karibu na ofisi yangu, nitamchukua turudi pamoja. Ila nani atamtoa Kimara saa 9 hadi mjini?

Wiki iliyopita alifunga bao lake la kwanza la mechi. Nimelisikia kwa dada wa nyumbani. Nililia kwenye basi. Ndiyo maana naandika.

BabaKipa
Pole dada. Sisi tuko Tegeta, ofisi zetu pia ziko mjini, na hiyo njia ya tatu nilishaijaribu. Achana nayo. Nilimwekea mtoto bajaji ya kumleta mjini, tukarudi pamoja kama unavyosema. Kuondoka uwanjani saa 12, kufika nyumbani saa 2 kasorobo, kula, kuoga, kazi za nyumbani za shule anazifanya amelala juu ya daftari. Mwezi wa pili mwenyewe akasema baba nimechoka. Nyasi zilikuwa nzuri kweli, lakini mtoto alikuwa anakaa kwenye foleni muda mrefu kuliko anaocheza.

Tulichofanya baadaye ni zamu. Nyumba nne, watoto watano, kituo kimoja cha karibu. Kila siku ya mazoezi kuna mzazi mmoja wa zamu: anahakikisha watoto wamefika, anakaa au anarudi kuwachukua, anawafikisha majumbani. Mimi inaniangukia mara moja kila wiki mbili, na siku hiyo naomba ruhusa mapema. Mara moja kwa wiki mbili bosi anavumilia. Mara mbili kwa wiki havumilii.

Nikwambie na ubaya wake. Mwaka jana mzazi mmoja alidhani zamu si yake, watoto wakasimama kando ya barabara karibu saa nzima, giza linaingia. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo tuna sheria mbili: anayetaka kubadilishana aandike kwenye grupu kabla ya saa 4 asubuhi na mwenzake ajibu “nimepokea”, na kocha hamwachii mtoto yeyote mpaka amwone mtu wa zamu kwa macho.

Nesi_wa_Zamu
Mimi nafanya kazi wodini, kwa hiyo kwangu hesabu ni nyingine. Niliomba nipangiwe usiku wa Jumatatu na Jumatano ili Jumanne na Alhamisi jioni niwe huru. Nilipewa, na nikawa nafika uwanjani kila mara. Lakini nilikuwa nafika nikiwa sina usingizi wa kutosha, nasimama pembeni macho mazito. Siku moja mwanangu akaniuliza, “Mama, umeniona nilivyopiga?” Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimesinzia kwenye benchi.

Nimebakiza Alhamisi. Jumanne anakwenda na binamu yake. Kama nawe unafikiria kujibana ili uwe kila siku, nakuomba usifanye hivyo kwa gharama ya usingizi wako.

AfisaUtumishi
Dada, kabla ya kuhangaika na bajaji, zungumza na mwajiri kwa maandishi. Watu wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ni fadhila kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, bila ya saa za ziada. Kama unaingia saa 2 na kutoka saa 11 na mapumziko ya saa moja, unafanya saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Nafasi ipo. Jumatatu na Jumatano ongeza saa moja moja, utoke saa 12. Alhamisi utoke saa 9. Jumla ni ileile 40, na hakuna siku iliyozidi 9.

Usiombe kuukata muda wa chakula ili utoke mapema, naona wengi wanapendekeza hivyo. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anatakiwa apate mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mwajiri mwangalifu hataki kuligusa hilo. Kusogeza saa ni rahisi zaidi kumkubalisha.

Kwenye barua taja siku moja tu, taja nani atashika simu yako muda huo, na pendekeza majaribio ya miezi miwili. Nimepitisha maombi ya namna hiyo. Yaliyokwama karibu yote yalikuwa yameandikwa “naomba niwe natoka mapema kutokana na majukumu ya kifamilia”, basi, bila siku wala saa.

MamaLishe_Buguruni
Nawasoma na nafurahi, ila sisi wengine hatuna bosi wa kumwandikia. Saa 10 ndiyo nakoroga uji wa jioni na kukaanga chapati. Nikifunga, siku hiyo nimepoteza kama elfu kumi na tano, na vitu vilivyobaki haviliki kesho.

Wanangu wanakwenda kwa miguu, kundi la watoto saba wa mtaa mmoja, mkubwa wao ana miaka kumi na nne. Wanapita mbele ya banda langu kwenda na kurudi, nawahesabu. Uwanja wa mbali nisingeuweza hata kama ungekuwa wa bure. Kwa hiyo dada, hicho cha dakika kumi usikidharau kwa vumbi lake.

Na mechi nahudhuria. Kocha ananiambia wiki moja kabla, siku hiyo napika kidogo, nauza mpaka saa 9, nafunga. Mwanangu anajua hiyo ni siku ya mama.

KochaMtaa
Nimefundisha watoto miaka kumi na mbili, soka na netiboli. Niseme ninachokiona nikiwa upande wa pili wa mstari.

Mazoezi hayawezi kusogezwa mbele sana. Wazazi wananiomba tuanze saa 11:30 ili wawahi. Jua la Dar mwezi wa sita linazama kama saa 12:15, na hata Februari, linapochelewa zaidi, halifiki saa 1. Uwanja wa mtaani hauna taa. Nikianza 11:30 nitafundisha nusu saa, halafu nawarudisha watoto gizani. Netiboli ndiyo nakuwa mkali zaidi, binti hatoki kwangu peke yake baada ya saa 12, hata kama nyumba yao inaonekana kutoka uwanjani.

Kuhusu kuwepo kwa mzazi: mtoto anageuza shingo kila akigusa mpira kutafuta kama mtu wake ameona. Lakini hageuki kila siku. Anageuka siku ile aliyoambiwa “leo nakuja”. Ukimwambia Jumanne na Alhamisi zote halafu ukakosa moja, anacheza vibaya hiyo moja, naiona miguuni kwake. Ukimwambia Alhamisi tu na ukaja kila Alhamisi, Jumanne anacheza raha mustarehe na wenzake.

Mambo mengine madogo: aje amekula. Shule imefunga saa 9, chakula cha mchana kilikuwa saa 6, saa 10:30 mtoto anakimbia na tumbo tupu. Ndizi mbili na maji vinatosha. Na maji yawe yake.

UmmSalma_Unguja
Assalaam alaykum. Kwetu mazoezi yanagongana na madrasa, sio kazi tu. Watoto wanatoka skuli, wanakwenda chuoni mpaka karibu na magharibi. Nilikuwa namkatisha mwanangu Jumanne, ustadhi hakupenda, na kwa kweli mtoto alianza kubaki nyuma ya wenzake.

Tulikaa wazazi na kocha tukamwomba ahamishie siku ya katikati ya wiki iwe Alhamisi, kwa sababu chuo chetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Alikubali mara moja, akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Muulizeni kocha, jamani. Sisi tulikuwa tunagombana na ratiba mwaka mzima na hatujawahi kumuuliza.

BabaKipa
Kocha, hilo la shingo limenigusa. Wangu ni kipa, anageuka hata mpira ukiwa upande wa pili.

Likoni_Kaka
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nafanya kazi kisiwani na kuvuka kwa feri, kwa hivyo hakuna siku naweza kuahidi saa. Nimemwachia babu yake. Mzee ana miaka sabini, anakaa na kiti chake pembeni ya uwanja na wachezaji wote wanamuamkia. Mimi naenda Jumamosi. Kama mko na mzee nyumbani mwenye nguvu, msimsahau kwenye hizo hesabu. Baba yangu amekuwa mtu mpya tangu nimpe hiyo kazi.

MamaWawili_Kimara
Jamani asanteni sana. Nimesoma yote na mume wangu tukiwa mezani.

Kidongo Chekundu tumeiondoa. Kijana anabaki kituo cha dakika kumi. Jumanne nimeshaongea na mama wawili wa mtaani, tutaanza zamu wiki ijayo kwa sheria za BabaKipa, na mmoja wao anatoka kazini saa 9:30 kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, tumepata nafuu kubwa. Alhamisi ni yangu. Barua nimeiandika kama AfisaUtumishi alivyosema, Jumatatu na Jumatano hadi saa 12, Alhamisi saa 9, miezi miwili ya majaribio. Naipeleka kesho asubuhi. Sijamwambia mtoto bado, nasubiri jibu kwanza, kwa sababu ya alichosema Kocha.

Binti ndiye bado. Netiboli ni shuleni, Jumatano, na Jumatano ndiyo siku niliyoongeza saa. Baba yake anasema ataangalia kama anaweza kuwa anamfuata saa 11. Ana duka, ana kijana wa kumshikia.

KochaMtaa
Mwambie aongee na mwalimu wa michezo kwanza, amtambulishe uso kwa uso. Na wampe mwalimu namba za watu wawili, wasimpe moja. Ya baba na ya jirani wa karibu na shule.

MamaWawili_Kimara
Jirani yupo, anauza matunda mbele ya geti. Ninampigia sasa hivi.