Ushauri: nguo na vifaa vya doria ya miguu porini, nina laki mbili tu

kijana_wa_namtumbo:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Niko Namtumbo, mkoani Ruvuma. Kijiji chetu ni mwanachama wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na mimi nimechaguliwa kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, VGS. Mafunzo nimemaliza pale Likuyu Sekamaganga. Mwezi ujao naanza doria zenyewe, za kutembea na kulala porini siku kadhaa mfululizo, upande wa mto Mbarang'andu.

Jumuiya inatupa sare jozi moja, kijani iliyofifia. Buti zilizobaki stoo ni namba 10, mimi navaa 8. Kwa hiyo vingi najitafutia mwenyewe na mfukoni nina laki mbili. Mjini Songea kwenye mitumba nimeona jaketi zuri sana la mabaka kama la jeshi, zito, lina mifuko kila mahali. Pia kuna begi kubwa jeusi la mgongoni na turubai la bluu. Nilitaka nichukue hivyo vitatu, chenji ndiyo inunue viatu.

Waliowahi kufanya kazi hii, naombeni mnielekeze kabla sijatoa hela. Kazi hii naipenda na nataka niifanye vizuri.

mzee_wa_miombo:

Marahaba mwanangu, na hongera. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, maana vitu vyote vitatu ulivyovitaja ningekuomba uviache hapo hapo sokoni.

Jaketi la mabaka kwanza. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wananchi wenye nguo za namna hiyo wazisalimishe. VGS ni raia, hata ukiwa umeshika bunduki ya jumuiya. Siku utakayokutana na askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, au wanajeshi vichakani umevaa mabaka, utaanza kujieleza wewe badala ya jangili. Na sare ya kijani iliyofifia uliyopewa inakufichia vizuri tu kwenye miombo. Kinachomsaliti mtu porini ni kutikisika, ni kitu kinachong'aa mkononi, ni kusimama juu ya kilima anga likiwa nyuma yako.

Begi jeusi na turubai la bluu ni suala la mbung'o, wale nzi wanaouma. Umekulia huko, unawajua. Mitego ya mbung'o inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hizo ndizo rangi zinazowavuta. Sasa wewe unataka uvae mtego mgongoni mchana kutwa, halafu usiku ulale chini ya mtego mwingine! Mafuta ya kujipaka ya mbu hayafui dafu mbele ya mbung'o, usiyategemee. Kinachosaidia ni rangi ya kaki, kahawia au kijani kilichopauka, kitambaa kizito kidogo, na nguo isiyobana. Shati likigandana na mgongo, anachoma juu kwa juu kama hujavaa kitu. Hata kaniki ya kujifunika iache nyumbani, ni nyeusi ile.

Turubai tafuta la kijani au la rangi ya udongo. Ukikosa, nunua sandarusi nzito ya shambani isiyo na rangi, usiku utaifunika kwa majani.

Hela yako, mwanangu, toa nusu yake kwa miguu. Mwenye malengelenge kikosi kizima kinamsubiri, na mizigo yake wanabeba wenzake.

fundi_viatu_mfaranyaki:

Mzee ameongea. Nami nishike hapo kwenye buti, ndiyo kazi yangu kila siku.

Buti za mtumba ni nzuri kuliko nyingi mpya za bei rahisi, ila ujue kukagua. Kuna buti inakuja ngozi imara, kamba mpya, ndani safi kabisa, unafurahi. Unaivaa siku mbili, soli inamegeka kama mkate mkavu. Hazikuvaliwa sana, zimekaa stoo Ulaya miaka mingi, na zile soli nyepesi za povu huoza taratibu kwa unyevunyevu wa hewa hata kama kiatu hakijaguswa. Kwa hiyo usiangalie juu, geuza chini. Bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, nzuri. Ikibaki na alama au ukucha ukitoka na unga unga, rudisha mezani. Halafu ikunje buti kwa mikono miwili mpaka kisigino kikaribie vidole, uangalie pale soli inapokutana na ngozi. Ukiona mstari umefunguka hata kidogo, gundi imechoka.

Nenda kujaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea, na uvae soksi zile zile za doria. Kidole gumba kisiguse mbele hata ukishuka mteremko. Ukishanunua mpelekee fundi azungushie uzi soli nzima, mshono wa nailoni. Gharama yake ndogo, na itakutoa miaka. Kisha ivae hapo nyumbani, shambani, gengeni, mpaka ikuzoee. Usianze nayo doria siku ya kwanza.

Kwa pori letu chukua ngozi nusu na turubai nusu, zile zenye vitundu viwili vya kutolea maji upande wa ndani wa unyayo. Ya ngozi tupu ikishalowa masika, siku tatu haikauki.

mtu_wa_longido:

Wakuu, naomba kutofautiana kidogo kuhusu buti. Huku kwetu Longido askari wengi wa vijiji wanatembea na katambuga na wanafika kuliko wenye buti. Tairi mwiba wa mgunga hauliingii kirahisi, maji yanatoka yenyewe, malengelenge hakuna. Nyepesi, hazina kelele. Kijana kama mguu umezoea katambuga, usimlazimishe buti.

mzee_wa_miombo:

Ndugu wa Longido, kwenu ni mbuga wazi, nyasi fupi, unaona unapokanyaga. Namtumbo mwezi wa nne nyasi zinakupita kichwa. Hapo hujui unakanyaga nini, na kifutu ndiye ninayemhofia kuliko simba. Koboko akikusikia mara nyingi anaondoka. Kifutu mara nyingi hakimbii, anakaa njiani amelala tuli mpaka umkanyage, na anauma kifundo cha mguu au chini kidogo ya goti. Hapo buti ndefu na suruali nene isiyobana vina kazi.

Lakini katambuga nakubali ziwemo kwenye begi. Ukifika kambini jioni vua buti, vaa katambuga, miguu ipumue. Na kuvuka mto usiokuwa na mamba vaa hizo, buti ibaki kavu shingoni.

kijana_wa_namtumbo:

Asanteni sana wazee wangu. Begi jeusi nimeachana nalo, na jaketi pia. Naomba kuuliza kuhusu soksi: nimezoea hizi nyembamba za dukani. Na maji nibebe kiasi gani? Kiangazi mito midogo yote inakauka.

nesi_wa_kituo_cha_afya:

Mdogo wangu, la maji na miguu niachie mimi, maana wenzako wanaishia kwangu.

Soksi jozi tatu. Mbili za kutembelea, moja ya kulalia ambayo haitoki kwenye mfuko wake mkavu hata iweje. Zile nyembamba za nailoni zinaunguza, mguu unatoka jasho na halina pa kwenda. Kwenye mitumba kuna soksi za sufu au za mchanganyiko zenye unyayo mnene, hizo ndizo. Watu wanaogopa sufu kwa ajili ya joto, lakini ikilowa haikugandi mguuni kama pamba. Ukihisi sehemu inaanza kuwaka kisiginoni, simama papo hapo ubandike plasta pana. Usione aibu kusimamisha kikosi dakika mbili. Lengelenge likishajaa maji usilipasue kwa mwiba, nimeona miguu imeoza kwa hilo.

Maji: mtu anayetembea juani na mzigo asipungukiwe lita nne kwa siku, na Oktoba, kabla ya mvua, ni zaidi ya hapo. Usiyabebe kwenye galoni moja. Chupa za lita moja na nusu, nne, ngumu zile za maji ya dukani, kila upande wa begi mbili. Moja ikipasuka hujafa. Beba vidonge vya kusafishia maji, na pakiti kadhaa za ORS. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi, usiipunje maji ili iwe tamu.

Kwa nyoka: shati la mikono mirefu na buti ni kinga, si dawa. Mwenzenu akiumwa msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mvueni buti na pete mapema kabla hajavimba, tegemezeni mguu kwa fito mbili usichezecheze, mbebeni, asitembee. Halafu hospitali. Kwa hiyo kwenye orodha yako weka bendeji pana mbili na kitenge kimoja kikubwa. Kitenge hicho unajifunika, unabebea mgonjwa, unachujia maji ya tope.

Na ukipata homa isiyoeleweka baada ya doria, hasa ukiwa na kidonda pale mbung'o alipouma, usijitibu malaria nyumbani ukakaa. Njoo, useme wazi unafanya kazi porini, upimwe pia malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Aina iliyoko kwetu mashariki mwa Afrika inaenda haraka, haisubiri.

mzee_wa_miombo:

Asante sana nesi, hayo ya malale vijana wengi hawaambiwi.

Mimi niongeze vitu vya bei ndogo vyenye kazi kubwa. Soksi kuukuu ijaze majivu ya jikoni yaliyochekechwa, ifunge juu, ining'inize kwenye mkanda. Unaitikisa kidogo, unaona majivu yanaelekea wapi, ndiyo unajua upepo. Tembo haoni vizuri, lakini pua yake usicheze nayo. Mkiwa kwenye nyasi ndefu na kuna kundi lenye watoto, hiyo soksi ni ya thamani kuliko darubini. Kwa sababu hiyo hiyo sabuni ya manukato, mafuta ya nywele na sigara viache nyumbani. Majangili nao wana pua.

Kelele. Jioni kabla ya doria vaa kila kitu, begi mgongoni, ruka ruka mahali pamoja. Kinacholia kifunge. Sufuria iwe na nguo ndani, funguo za nyumbani mwachie mama, mifuko ya plastiki inayochakarika badilisha kwa vitambaa. Hata jaketi la mvua la nailoni ngumu linasikika mbali asubuhi yenye utulivu. Ndiyo maana wengine tunavaa koti la mvua kambini tu, njiani tunakubali kulowa.

Kofia ya pama, siyo kapelo, masikio na shingo viungue kwa nini? Tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu kama utaipata, na betri za akiba kwenye kimfuko kikavu. Plaizi ya kukatia mitego ya waya mara nyingi kikosi kinayo, uliza kwanza. Lakini glovu za ngozi nunua zako. Waya wa mtego uliokaa mvuani una kutu na ncha kali, na kabla ya kuukata mnapaswa kuupiga picha na kuandika mahali ulipo. Kama kikosi chenu kinatumia simu yenye SMART, programu ya kurekodi doria, simu hiyo ndiyo kumbukumbu yenu ya kazi, basi pawabanki ni kifaa cha doria, siyo anasa.

Juni na Julai usiku kuna baridi kweli huko. Sweta moja la sufu la mtumba, la kahawia. Usitembee nalo, utalilowesha jasho.

dada_wa_doria:

Kaka, hongera na karibu kazini. Mimi ni VGS jumuiya nyingine, naomba niseme kwa niaba ya dada zako mtakaokuwa nao kikosini, maana hizi orodha huwa zinaandikwa na wanaume.

Sare zinazoletwa zimekatwa kiume. Suruali inabana nyonga, kiuno kinapwaya, mkanda wa begi unachubua mifupa. Tulichofanya sisi ni kumpelekea fundi cherehani aweke kipande pembeni na lastiki nyuma ya kiuno. Buti namba 4 na 5 stoo hakuna, na dada akivaa namba 7 na soksi tatu hafiki. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kusema kwenye kikao cha jumuiya, sema vipimo vichukuliwe kabla ya kuagiza, siyo baada. Hata wewe usingekuwa unatafuta namba 8 leo.

Taulo za kike, chupi za pamba za kubadilisha na mfuko wa kurudisha taka nyumbani ni vifaa vya doria kama redio ilivyo. Kiongozi wa kikosi ajue hilo kabla ya kupanga mapumziko.

kijana_wa_namtumbo:

Dada nimekusikia, kikao ni Jumamosi na nitalisema, namba zetu wote nitazikusanya kwanza. Fundi, kesho nakuja Mfaranyaki na buti mkononi kabla sijazilipia, muuzaji amekubali nizitoe nikiacha kitambulisho.

fundi_viatu_mfaranyaki:

Njoo jioni, baada ya saa kumi. Na uje na soksi zako.