Watu wa North Dakota wanapendea nini huko? Kakangu hataki kutoka

BintiTudor
Asalaam aleikum jamani. Niko Mombasa, nina swali kwa walioko Marekani ama walio na watu wao kule. Kakangu alienda North Dakota wakati ule wa mafuta, watu wakimiminika Williston kuendesha malori, na sisi nyumbani tukajua atapiga kazi kidogo afu ahamie Minneapolis ama Dallas penye Wakenya wengi. Mafuta yakapoa, wenzake wakatawanyika, yeye akabaki. Sa hii yuko kimji fulani karibu na Minot, ukikitafuta kwa ramani ni njia mbili zimekatana na reli basi, na habari ya kuhama hataki kuisikia. Mamangu kila akimpigia video anamwambia mwanangu mbona nyuma yako hakuna ata nyumba ya mtu, yeye anacheka tu anageuza simu atuonyeshe shamba. Shamba jeupe pe, hakuna kitu. Eti ndio mandhari hayo.

Sasa nauliza, watu wa huko wanapendea nini haswa? Sitaki ya matangazo ya utalii, nataka mtu aliyeishi. Manake sisi huku hatujui kama mtu wetu ana raha ama ameshikwa na mawazo na anatucheza shere.

MajengoFargo
Waaleikum salaam dadangu. Mimi mtu wa Majengo, niko Fargo miaka mingi, nafanya kazi hospitali, ingawa kwa kakako Fargo ni Nairobi hivi.

Kwanza shika hesabu. Jimbo zima sensa ya 2020 lilikuwa na watu 779,094 na ukubwa wake unakaribia thuluthi ya Kenya. Kaunti ya Mombasa peke yake sensa ya 2019 ilipita watu milioni 1.2, na sisi tunajua tulivyobanana. Kwa hivyo huku mtu ni kitu adimu. Ukikosa kuonekana siku mbili kuna mtu atagonga mlango, na huyo anayegonga pengine ata jina lako hawezi kulitamka.

Nikupe mfano. Theluji ilianguka usiku kucha, asubuhi mlango haufunguki, mimi nina zamu na nimekata tamaa, mara nasikia mashine inanguruma nje. Mzee jirani, hawa wa asili ya Norway, tulikuwa tunapungiana mikono tu, kumbe amesafisha njia yangu yote mpaka barabarani na keshaenda zake, hakungoja asante. Nikampelekea mahamri. Kesho yake bakuli likarudi na lefse, hiyo chapati yao nyembamba ya viazi, wanapaka siagi na sukari. Nikasema alaa, kumbe ata huku bakuli halirudi tupu.

Kiangazi ndio usiniambie kitu. Juni jua linatua saa tatu na nusu usiku, watoto wako nje na baiskeli, watu wanachoma nyama, hakuna anayetaka kuingia ndani kwa sababu kila mtu anakumbuka Januari. Ila Ramadhani ya 2016 ilituangukia hapo hapo Juni, wallahi tulifunga kama saa 18, ukifuturu ukaswali tarawehe ukageuka hivi, daku hiyo.

Chumvi_Kilindini
Friza ya samaki ni minus 18. Huko kwenu Januari inafika minus 30. Kwa hivyo mtu akitaka kuota joto anaingia kwa friza anafunga mlango 😂😂 mimi nibakishieni Likoni yangu na jasho langu

MajengoFargo
@Chumvi_Kilindini ndio, na gari lina waya wa umeme mbele, usiku unalichomeka kwa soketi ili injini isigande. Ukisahau, asubuhi unaenda kazini na gari la jirani, na njiani anakupa stori za babu zake wote. 😂

DerevaWaBaraBara2
Dada pengine kakako namjua, Waswahili huku magharibi si wengi. Mimi nilikuja na mafuta hivo hivo na nikabaki, so nakujibu kama mwenzake.

Kitu cha kwanza ni barabara. Huku nchi imekatwa miraba miraba, karibu kila maili moja kuna njia ya changarawe, unaendesha dakika arubaini unakutana na pikapu moja na huyo mwenye pikapu lazima ainue vidole viwili juu ya usukani kukusalimia, asipoinua ujue ni mgeni ama ana msiba. Sasa mtu aliyekulia foleni ya feri, makanga anakutukana, tuktuk imekuingilia kushoto, boda kulia, mwambie arudi kwenye hiyo.

Cha pili ni mavuno. Agosti mpaka Oktoba ngano, alizeti, soya, mashine zinavuna mpaka usiku wa manane zimewasha taa shambani, na kama mkulima ni mgonjwa ama amefariki majirani wanakuja na mashine zao wenyewe na malori yao wanamvunia shamba lote kwa siku moja, wake zao wameleta masufuria, hakuna anayelipwa. Nimebeba ngano kwenye shughuli kama hiyo, yule mama mjane alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba analia na anagawa soda wakati huo huo.

Na hawa watu msiwaone wapole, wana historia ya ukaidi. Zamani walichoka na mabenki na madalali wa nafaka wa nje ya jimbo (sisi wa Pwani tunawajua madalali, uliza mtu wa Kilifi mwenye maembe), wakachagua serikali yao wakafungua benki ya jimbo 1919 na kinu cha unga cha jimbo Grand Forks 1922, na vyote viwili vinafanya kazi mpaka leo. 1932 wakapiga kura makampuni yasimiliki mashamba, zilime familia. Wameilegeza kidogo siku hizi lakini bado iko. Mpwani akisikia habari ya ardhi kubaki na mwenyewe anajua uzito wake, sitaki kuongeza.

Alafu hii itamfurahisha mama. Ukitoka Minot kwenda Williston na barabara ya 2 kuna kijiji kinaitwa Ross. Waislamu kutoka Syria walifika hapo miaka ya mwanzo ya 1900, wakachukua mashamba ya kupewa na serikali kama wazungu wengine, ekari 160 mtu, na 1929 wakajenga msikiti, ni katika ya kwanza kabisa kujengwa Marekani nzima. Ule wa zamani ulibomolewa, 2005 wakajenga mwengine mdogo pale pale penye makaburi yao. Yaani nyika tupu, upepo, halafu kuba. Mwambie mama mwanawe si wa kwanza kufunga Ramadhani kwenye hiyo baridi.

Nyama halali pia si shida, unaenda kwa mkulima unachagua kondoo wako, unachinja mwenyewe, unalipa, unaenda.

AliyehamaBismarck
Msimpambie sana jamani. Nilikaa Bismarck na kabla ya hapo mji mdogo zaidi, nikaondoka. Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni limeshakufa, na daktari wa meno alikuwa mwendo wa saa nzima. Watu ni wazuri, kweli kabisa, lakini uzuri wa kukupungia mkono sio sawa na mtu wa kukaa naye barazani mkapiga gumzo la maana. Kama huna mtoto shule, huna kanisa na hufuatilii mpira wao, unaweza kuishi humo miaka na hakuna aliyekujua. Sasa niko Minneapolis napata muhogo na nazi, kila siku nagombania pa kuegesha gari, na hapo ndo huwa nawakumbuka.

BintiTudor, usimuulize kakako kama ana raha, atakwambia ndio. Muulize nani ana ufunguo wa nyumba yake.

DerevaWaBaraBara2
Hilo swali zuri. Nakubali, baridi ya mtu mpweke ni nyingine.

BintiTudor
Nimemuuliza jana usiku. Amecheka kwanza. Afu akasema ufunguo hana haja nao, mlango haufungwi, ila mama wa posta ndio humlishia paka akiwa safari. Paka! Hakuna aliyekuwa anajua ana paka.

Na kumbe ni zimamoto wa kujitolea wa hicho kijiji, hawalipwi, moto ukitokea shamba la mtu simu inalia anaacha chakula. Kwa wale walio na leseni ya gari kubwa wako wawili tu, yeye na mzee mmoja ambaye miguu imeanza kumsumbua. Ndio sababu hahami. Anasema nikiondoka lile gari la maji nani ataliendesha. Mamangu kusikia hivo amekasirika kabisa, ati nilimsomesha akazime moto wa watu bure, lakini saa hizi ndio huyo anauliza viza ya kutembelea inachukua muda gani.

Aende lini?

MajengoFargo
Julai mpaka Agosti, sio kabla wala baada! Mwisho wa Julai kuna maonyesho ya jimbo hapo hapo Minot, ng'ombe na matrekta na kelele, atajihisi yuko Mkomani kwenye maonyesho ya kilimo. Agosti alizeti zimechanua.

DerevaWaBaraBara2
Ampeleke na Theodore Roosevelt National Park akaone wale nyati wao wamesimama katikati ya barabara, hawahami ata upige honi. Sweta abebe ata kama ni Julai, usiku upepo haumjui mtu. Samaki ni wa maziwa, nguru asahau, so abebe pilipili na ukwaju wa kutosha.

Chumvi_Kilindini
Na mafuta ya nazi asibebe kwa chupa ya mdomo mdogo, yakishaganda atayatoa na nini